Ufuatiliaji wa vipaumbele vya maombi ya hifadhi

Ufuatiliaji wa vipaumbele vya maombi ya hifadhi ni kazi ya kurekodi, ndani ya kerneli ya mfumo wa uendeshaji, kila ombi la kusoma au kuandika linalopelekwa kwenye diski, kadi ya kumbukumbu au chombo kingine cha kuhifadhia data, pamoja na cheo ambacho ombi hilo limepewa katika foleni. Lengo lake ni kujibu swali moja: je, programu iliyoambiwa isubiri imesubiri kweli, na ile iliyoambiwa itangulie imetangulia?

Swali hilo lina uzito kwa sababu kipaumbele hutamkwa mahali pamoja na kutumika mahali pengine. Mtumiaji hukitoa kwa programu, kerneli hukibandika juu ya ombi, na kipangaji cha foleni hukisoma au hukipuuza. Katika kila hatua kinaweza kupotea bila ujumbe wowote wa kosa kuonekana kwenye skrini. Makala hii inahusu hasa Linux, kerneli inayotumika katika seva nyingi duniani na, kupitia Android, katika simu nyingi za Afrika Mashariki.

Kipaumbele cha ombi

Programu nyingi zinaweza kuhitaji diski kwa wakati mmoja. Diski ya sumaku inayozunguka mara 7200 kwa dakika huchukua takribani milisekunde 10 kufikia mahali papya, kwa hiyo haiwezi kutimiza zaidi ya maombi mia moja hivi kwa sekunde ikiwa data zimetawanyika. Programu moja inayonakili mafaili mengi inaweza kuijaza foleni yote, na nyingine zikakaa kama wagonjwa kwenye benchi.

Linux inayagawa maombi katika madaraja matatu. La kwanza ni la wakati halisi, linalofupishwa rt, ambalo hutangulizwa mbele ya yote. La pili ni la kawaida, be, ambamo programu nyingi huwemo. La tatu ni idle, la wale wanaohudumiwa tu diski inapokuwa haina kazi nyingine. Ndani ya rt na be kuna ngazi nane, kuanzia 0 iliyo ya juu hadi 7 iliyo ya chini. Ombi ambalo halikupewa daraja lolote huandikwa none. Programu ambayo haikuomba chochote huhesabiwa kuwa katika daraja la kawaida, na ngazi yake hutokana na cheo chake cha kutumia prosesa, ambacho kwa kawaida huifikisha ngazi ya 4.

Ndani ya kerneli yote hayo hubanwa katika namba moja ya biti 16. Biti tatu za juu ni daraja, na tatu za chini ni ngazi. Tangu mwaka 2023 biti kumi za katikati zimetengwa kwa ajili ya dokezo la ziada kwa diski zinazolielewa. Ndiyo maana anayechungulia kumbukumbu ya kerneli moja kwa moja hukutana na namba kama 16388, ambayo si kitu kingine ila daraja la kawaida, ngazi ya 4. Namba 24583 ni idle yenye 7 mwishoni, kama inavyowekwa na amri ya ionice.

Historia

Vipaumbele hivi viliingia Linux katika toleo la 2.6.13 mwaka 2005, pamoja na wito wa mfumo ioprio_set na mwenzake ioprio_get. Mwandishi wake alikuwa Jens Axboe kutoka Denmark, ambaye ndiye aliyetengeneza pia kipangaji cha CFQ kilichoviheshimu. CFQ kilifanywa kuwa chaguo-msingi mwaka 2006, na kwa zaidi ya muongo mmoja vitabu na mafunzo mengi yaliandikwa kana kwamba CFQ kipo siku zote.

Hakipo tena. Diski za SSD zilipoenea, foleni moja iligeuka kuwa kizuizi. Mwaka 2014, toleo la 3.13 lilileta mpango mpya wa foleni nyingi, na mwaka 2019 toleo la 5.0 liliuondoa mpango wa zamani pamoja na CFQ. Nafasi yake ilichukuliwa na vipangaji vipya, na tabia zao hazifanani. BFQ, kilichotokana na kazi ya Paolo Valente na wenzake nchini Italia, huzingatia madaraja na ngazi zote mbili: ngazi ya 0 hupewa uzito wa 80, ya 4 uzito wa 40, na ya 7 uzito wa 10. Mq-deadline hakikujali vipaumbele kabisa hadi toleo la 5.14 la mwaka 2021, na hata baada ya hapo huangalia daraja tu, si ngazi. Kyber hakivitumii. Na pale ambapo hakuna kipangaji, hali inayoandikwa none kama ilivyo kawaida kwa diski za NVMe, kerneli haipangi kitu.

Maana yake ni kwamba amri ileile ya ionice, iliyofanya kazi vizuri katika kompyuta ya mwaka 2010, inaweza kuwa maneno matupu katika kompyuta ya leo. Hali hii ndiyo iliyofanya ufuatiliaji kuwa wa lazima. Kabla ya jambo lingine lolote ni vyema kusoma faili la /sys/block/sda/queue/scheduler (sda ikibadilishwa kwa jina la diski husika), ambamo kipangaji kinachotumika huwekwa katika mabano ya mraba. Mara nyingi jibu huishia hapo.

Vyombo vya ufuatiliaji

Chombo cha kwanza kupata umaarufu ni blktrace, kilichoingia kerneli mwaka 2006, nacho pia ni cha Axboe. Huandika kila hatua ya ombi kwa herufi moja: Q linapofika, I linapoingizwa katika foleni ya kipangaji, D linapokabidhiwa kwa kiendeshi cha diski, C linapokamilika. Rekodi yake hutaja muda, sekta, ukubwa, namba ya mchakato na prosesa iliyohusika. Haikuwa na nafasi ya kipaumbele. Mtu aliona ombi likisubiri lakini hakuona cheo chake, sawa na karani anayeandika saa ya kila mtu kuingia na kutoka bila kuandika nani alikuwa na miadi.

Kuanzia mwaka 2008 kerneli ilipata ftrace, mfumo wa jumla wa ufuatiliaji ulioanzishwa na Steven Rostedt, na baadaye vituo vya ufuatiliaji vikawekwa katika sehemu inayoshughulikia diski. Vituo hivyo viko chini ya /sys/kernel/tracing/events/block. Vinavyotumika zaidi ni block_rq_insert, block_rq_issue na block_rq_complete, vinavyolingana na herufi I, D na C za blktrace. Kikiwa kimezimwa, kituo hakigharimu karibu kitu. Kikiwashwa, huandika mstari mmoja kwa kila ombi katika bafa iliyo kwenye kumbukumbu.

Vituo hivi navyo vilikaa miaka mingi bila kutaja kipaumbele. Aliyekihitaji alilazimika kuandika programu ndogo ya BPF ya kuchungulia namba ile ya biti 16 ndani ya ombi lenyewe. Pengo hilo lilizibwa mwaka 2024, kwa badiliko fupi lililotumwa na mhandisi wa Unisoc, kampuni ya China inayotengeneza chipu za simu, likaingia katika toleo la 6.11. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kawaida tu: wakati mwingine inahitajika kufuatilia mpangilio wa kuhudumiwa kwa maombi yenye vipaumbele. Chipu za Unisoc zimo katika simu nyingi za bei nafuu, zikiwemo za itel na Tecno zinazouzwa kwa wingi Tanzania na nchi jirani, na simu za namna hiyo ndizo zenye hifadhi isiyo na kasi ya kugawia kila mtu. Kwa hiyo haishangazi kwamba hitaji lilisikika huko kabla ya kusikika kwa wenye seva kubwa.

Kusoma mstari mmoja

Baada ya badiliko hilo, sehemu ya mwisho ya mstari wa block_rq_issue huonekana kama katika mfano huu:

8,0 R 16384 () 6500840 + 32 idle,0,7 [tar]

Namba 8,0 hutambulisha kifaa, hapa diski ya kwanza ya sda. Katika simu yenye hifadhi ya eMMC namba hiyo huanza kwa 179. R ni kusoma. Kama ingekuwa RA, ingekuwa kusoma kwa kutangulia, yaani kerneli imebashiri kwamba data hizo zitahitajika. WS ni kuandika ambako kuna anayekusubiri. 16384 ni ukubwa kwa baiti. Mabano matupu yaliwekwa kwa ajili ya amri ghafi za kifaa na kwa kawaida hayana kitu. 6500840 ni sekta ya kuanzia na 32 ni idadi ya sekta, kila moja baiti 512. Kisha hufuata daraja, dokezo na ngazi: idle,0,7. Mpangilio huo huwachanganya wengi, kwani ngazi ndiyo ya mwisho, si ya katikati.

Jina lililo katika mabano ya mraba halipaswi kuaminiwa sana. Si lazima liwe la mwenye ombi. Ni jina la mchakato uliokuwa ukiendeshwa na prosesa wakati kituo kilipopitiwa, na mara nyingi huwa ni kworker, yaani mfanyakazi wa ndani wa kerneli aliyetumwa kupeleka maombi ya wengine. Kipaumbele husafiri na ombi lenyewe, kwa hiyo ni ushahidi bora kuliko jina.

Mstari mmoja peke yake hausemi mengi. Kinachotafutwa ni tofauti ya muda kati ya vituo. Kati ya insert na issue ombi liko mikononi mwa kipangaji, na hapo ndipo kipaumbele kinapotumika. Kati ya issue na complete liko ndani ya diski. Ikiwa maombi ya idle yanakaa muda mrefu katika kipande cha kwanza huku ya be yakipita, mpangilio unafanya kazi. Ikiwa ucheleweshaji wote uko katika kipande cha pili, hakuna ngazi ya ionice itakayosaidia, kwa sababu diski yenyewe ina foleni yake ya ndani. Ile ya SATA hubeba hadi maombi 32, na kwa kawaida haijui chochote kuhusu madaraja ya Linux. Baadhi ya diski za SATA zinaweza kuelezwa kwa kuwasha ncq_prio_enable, lakini hata hapo ni daraja la rt pekee linalopelekwa.

Mahali kipaumbele kinapopotea

Upotevu mkubwa kuliko wote hutokea katika uandishi wa kuchelewa. Programu inapoandika faili kwa njia ya kawaida, data haziendi kwenye diski papo hapo. Huwekwa katika kache ya kurasa, programu huambiwa kazi imekwisha, na baadaye uzi wa kerneli hukusanya kurasa hizo na kuzipeleka. Kwa chaguo-msingi, data zilizokaa zaidi ya sekunde 30 huhesabiwa kuwa zimekawia na hupelekwa. Uzi huo hufanya kazi kwa jina lake na kwa cheo chake, si kwa cheo cha programu iliyoandika. Mwongozo wa ioprio_set unasema wazi kwamba vipaumbele havifanyi kazi kwa maandishi ya aina hiyo. Bado ushauri wa kutumia ionice kwa kazi za kuandika huendelea kutolewa kila mahali.

Chukua mfano wa kufikirika wa duka la stesheneri Mwandiga, karibu na mji wa Kigoma, pale inapoanzia barabara ya kwenda Manyovu. Duka lina kompyuta moja ya mtumba yenye Linux na diski moja ya sumaku. Mchana, mwenye duka anaanzisha nakala rudufu ya picha na barua za wateja kwenda sehemu nyingine ya diski hiyohiyo, akitumia ionice -c 3 ili wateja wasisumbuke. Mteja anafika kuchapa fomu ya maombi ya chuo ambayo mwisho wake ni leo, na faili linachukua dakika nzima kufunguka. Mwenye duka ana haki ya kushangaa, maana amri aliiandika sawasawa na mfumo haukulalamika.

Vituo vya ufuatiliaji vikiwashwa, mistari ya kusoma huonyesha idle,0,7 kama alivyotaka. Mistari ya kuandika, ambayo ni nusu ya kazi, huonyesha kworker pamoja na be au none, yaani cheo kilekile cha programu inayofungua fomu. Nusu ya nakala rudufu imekaa kwenye benchi kwa heshima, na nusu nyingine inapigania dirisha pamoja na mteja. Na ikiwa kipangaji cha diski hiyo ni none, hata ile nusu ya kwanza haikukaa popote.

Zipo njia tatu za kurekebisha, na hazilingani kwa ubora. Programu inaweza kuandika moja kwa moja bila kupitia kache, ambapo ombi hubeba kipaumbele cha mwenyewe; hili huhitaji programu inayoliweza, kama dd yenye oflag=direct. Njia iliyo bora katika kerneli za kuanzia 5.14 ni kuiweka kazi hiyo katika kundi la michakato na kuliandikia kundi hilo idle katika io.prio.class. Katika mifumo ya mafaili kama ext4, XFS na Btrfs, kerneli hukumbuka kundi lililochafua kurasa hata zinapopelekwa baadaye na mfanyakazi mwingine, hivyo kipaumbele hufuata kazi na si mtu aliyeibeba. Njia ya tatu ni kufanya nakala rudufu baada ya kufunga duka, nayo haihitaji ufuatiliaji wowote.

Tatizo jingine ni kugeuka kwa vipaumbele. Mfumo wa mafaili wa ext4 huandika shajara ya mabadiliko kabla ya kuyatekeleza, na programu zote hushiriki shajara hiyo moja. Programu ya daraja la juu ikihitaji shajara ifungwe, husubiri pia mabadiliko ya programu ya daraja la chini yaliyomo ndani yake. Kama maandishi ya shajara yangechukua cheo cha chini, mkubwa angemsubiri mdogo asiye na haraka. Kwa sababu hiyo ext4 huyapa ngazi ya 3, juu kidogo ya ile ya kawaida, na msimamizi anaweza kuibadilisha kwa chaguo la journal_ioprio. Katika rekodi, mistari ya be,0,3 yenye jina la jbd2 ndiyo hiyo; anayeiona kwa mara ya kwanza hudhani kuna mtu aliyebadilisha vipaumbele bila ruhusa.

Zamani kulikuwa na upotevu wa tatu, wa kuunganisha maombi. Maombi mawili yaliyo jirani kwenye diski huunganishwa kuwa moja ili kuokoa muda, na yakiwa na vyeo tofauti ilibidi kimoja kitoweke. Tangu toleo la 5.0 kerneli hukataa kuunganisha maombi yasiyolingana kwa kipaumbele.

Upande wa pili ni njaa. Kama daraja la juu halikomi kuomba, la chini linaweza kukaa bila mwisho. Mq-deadline huzuia hilo kwa kuliacha lipite ombi la daraja la chini lililosubiri kupita kiasi, kwa chaguo-msingi sekunde 10. Katika rekodi huonekana kama ombi la idle linalopenya katikati ya msururu wa be, na hilo si hitilafu.

Mipaka ya ufuatiliaji

Kuwasha vituo hivi kunahitaji mamlaka ya msimamizi, kwa kuwa rekodi hufichua ni programu gani inasoma wapi na lini. Katika simu zinazouzwa madukani mtumiaji hana mamlaka hayo, hivyo ufuatiliaji wa kina hufanywa na watengenezaji kabla simu haijafika sokoni. Simu yenye kerneli ya kabla ya 6.11 haitaonyesha sehemu ya kipaumbele, isipokuwa mtengenezaji awe ameirudisha katika toleo lake mwenyewe.

Bafa ya ftrace nayo ina ukubwa wa kikomo. Ikijaa, mistari ya zamani hufutwa na mipya, na katika diski ya SSD yenye maombi maelfu kwa sekunde hilo hutokea haraka. Rekodi isipohifadhiwe kwenye diski ileile inayochunguzwa: kila mstari unaoandikwa humo huzaa ombi lake, nalo pia huingia katika rekodi. Kwa uchunguzi wa siku nzima hutumika zaidi programu za BPF, kama zile zinazoandikwa kwa bpftrace, ambazo hujumlisha nyakati za kila daraja ndani ya kerneli na kutoa hesabu tu. Hizo hueleza ni daraja lipi lilichelewa. Kujua ni ombi lipi lililomzuia mwenzake, bado inabidi kurudi kwenye mistari.